Mwaka Tulipouza Maksai Tukanunua Kijiko

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza. Msisome huku mnatembea. Mimi shule niliishia darasa la nne, na mwandiko wangu umelala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, lakini nilichokiona nimekiona. Nawaandikia habari za mwaka tulipouza maksai wetu wa kulimia tukanunua mashine ya kuchimba ardhi kutoka Japani, mashine iliyokwisha kutumiwa na wenyewe huko kwao. Mnapita mbele yake kila siku hapo uani mnaiona kama jiwe. Haikufika kama jiwe. Ilifika na kelele, na mimi mwenyewe, mwanamke wa rozari na jembe, niliruka juu mpaka kanga ikadondoka.

Aliyeanza ni mwanangu wa mwisho. Alikuwa opereta, yaani dereva wa mashine za barabara. Lami ilipokuwa inajengwa kuja Sumbawanga alikuwa humo, juu ya greda, juu ya katapila, na zaidi juu ya kile watu wetu wanachokiita kijiko: mashine inayotembea kwa cheni za chuma, ina mkono mrefu, na mwisho wa mkono ina beleshi kubwa lenye meno. Alichimba mitaro ya watu, akachimba misingi ya watu, mashine zote za watu. Akirudi nyumbani anarudi na vumbi tu.

Jioni moja ya mwezi wa saba, baridi ile yetu inayomfanya mbwa aingie jikoni bila kuitwa, alikuja akachuchumaa karibu na mafiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Kwani mtu akisalimia lazima awe anataka kitu?"

"Asubuhi umeshanisalimia. Hii ya pili ina mkia. Sema."

Akatoa simu, akanionyesha. Nikaona mnyama wa njano amesimama kwenye uwanja safi kama sakafu ya kanisa, na nyuma yake wengine wengi wamepangwa kama ng'ombe mnadani. Akasema huko Japani kampuni zikitumia mashine miaka kadhaa zinaziuza, na mtu akiwa hapa Kizwite, na simu yake, anaweza kuchagua moja ikapakiwa melini ikaja mpaka bandarini Dar es Salaam. Akiba yake ya miaka yote ilikaribia kutosha. Ilikuwa imebaki nafasi, na nafasi hiyo ilikuwa na umbo la maksai wangu.

Sikumjibu kuhusu maksai. Nikamwambia, "Leta hiyo simu karibu. Mbona meno yake yamekwisha?"

Akacheka. "Mama, meno ya beleshi yanabadilishwa, kama unavyobadilisha jembe mpini unabaki. Usiangalie meno."

"Sawa, hapo umenishinda. Inatembeaje?"

"Hii ni picha, haitembei."

"Basi sinunui."

Nieleweni vizuri hapa, kwa sababu ninyi mnanunua viatu kwa picha na vinawabana. Kwetu maksai hanunuliwi kwa kusimuliwa. Unamfungua mdomo, unamwinua kwato, unamfunga nira umwone akivuta. Na mtu mwenye akili anakwenda kumwona alfajiri, ng'ombe hajala wala hajaota jua, maana ng'ombe mgonjwa akishapata jua anadanganya. Akitoka zizini anakohoa, huyo mwache. Ndivyo alivyonunua baba yangu na ndivyo alivyonunua mume wangu, Mungu amrehemu. Nikamwambia mwanangu amwandikie huyo mwuzaji aiwashe asubuhi ikiwa bado ya baridi, aitembeze mbele na nyuma, tena ainue kitu kizito.

"Mama, watatuona washamba."

"Sisi ni washamba. Andika."

Akaandika. Na yule mtu wa Japani, heshima yake aipate, hakucheka. Alituma filamu. Tulikusanyika jikoni wote: mimi, mwanangu, mkewe, na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anayekaa nyumba ya jirani na anayesikia harufu ya jambo jipya kabla halijaiva. Tukaona mtu mwenye kofia anapanda. Mashine ikatoa moshi mmoja tu, ukapotea, ikanguruma sawasawa bila kukohoa. Ikatembea. Kisha, jamani, ikaegemeza mkono wake chini ikajiinua yenyewe, mbele yote hewani, kama mtu anayejinyanyua kitandani kwa kiwiko. Moyo wangu ulipiga kofi. Nilisema "Rudisha tuone tena," na nilisema hivyo mpaka simu ikaisha chaji.

Siku iliyofuata nilimwita mwanangu tukaenda kusimama zizini. Maksai wanne walikuwa wanacheua. Ndio waliokuwa wanalima shamba letu lote la mahindi na ulezi, na la wifi, na la jirani akiomba vizuri.

Nikamwambia, "Nitauza. Lakini sikia. Mvua za kwanza zikidondoka, nataka maksai wengine wako hapa, na kijiko chako ndicho kitakachowanunua. Kisipowanunua, wewe utashika jembe, na mkeo, na mimi na magoti yangu haya. Tutarudi kwenye ntumba."

Ntumba wengine mnaijua kwa jina tu. Ni vile vilima vya duara tunavyolima Wafipa: unakusanya majani, unayafunika kwa udongo, yanaoza humo ndani yanakuwa mbolea. Shamba linakuwa kama uwanja wa vipara. Chakula chake kizuri, sikatai. Lakini kila kimoja unakipandisha kwa jembe la mkono, na mgongo unaotengeneza ntumba hauji kunyooka. Mimi nilikulia humo. Maksai ndio walioninyoosha. Sasa nawauza.

"Nimesikia mama," akasema.

"Kusikia ni masikio. Nimeuliza umeelewa?"

"Nimeelewa."

Maksai wakaenda. Nira tukaipandisha darini. Wifi akaja akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Ama wewe wifi! Umeuza ng'ombe anayekula majani ya bure, umenunua ng'ombe anayekunywa dizeli."

"Huyu halali na njaa wala haumwi ndigana."

"Na samadi yake je? Utaweka kwenye mboga?" Akaangalia darini. "Basi nipe hiyo nira nichemshie maharage, haina kazi tena."

"Iguse uone."

Hapo ndipo ilipoanza kungoja, na sijawahi kungoja kitu hivyo tangu nilipobeba mimba ya kwanza. Mwanangu alikuwa na kitu kwenye simu kinachoonyesha meli baharini kama punje ya ulezi kwenye sinia la bluu. Kila jioni baada ya kula nilisema, "Punje imefika wapi?" Punje ilikuwa inatambaa. Siku nyingine haisogei kabisa, na siku hizo nilikuwa mkali, wenyewe wanasema. Nilikwenda parokiani kuweka nia ya misa. Aliyekuwa anaandika akaniuliza, "Kuombea mgonjwa, mama?"

"Hapana. Kuombea kijiko."

Akainua kalamu akaniangalia. Nikamwangalia. Akaandika.

Meli ilipofika, mwanangu akashuka Dar es Salaam kuhangaika na wakala wa forodha, karatasi hii na karatasi ile. Siku moja mchana simu ikaita, nikasikia upepo na makelele ya bandari, na sauti yake kama ya mtoto aliyepewa sukari: "Mama, nimeishika! Nimeiwekea mkono! Ina joto la jua!" Nikamwambia asipige kelele, mimi si kiziwi. Nikaenda nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu.

Kazi nayo ilikuwa imepatikana, ila kwa masharti. Kuna kijiji mbele ya Chala, njia ya kwenda Namanyere, wana lambo lao la zamani la kunyweshea mifugo. Lilikuwa limejaa tope mpaka ng'ombe wanalamba matope. Kamati ya kijiji ikamwambia mwanangu: tunataka kulichimbua kabla ya mvua. Leta mashine Jumamosi asubuhi, ichimbe watu wote wakiona. Ikifanya kazi, kazi ni yako na kianzio unachukua hapo hapo. Isipofika au ikifika ikazima, kuna mtu wa Mbeya yuko tayari na yake. Mvua ikishanyesha hakuna anayechimba kitu. Kwa hiyo mambo yangu yote yalikuwa yanakaa juu ya Jumamosi hiyo moja: maksai, shamba, na mgongo wangu.

Ijumaa ndiyo siku iliyokuwa inaingia. Mwanangu alikuwa ndani ya lile lori refu la kubebea mashine, lobedi, na kila mji anapiga simu. Tuko Makambako. Tuko Mbeya. Tumepita Tunduma. Alipopiga kutoka Laela nilivua kilemba cha nyumbani nikafunga kingine.

Sasa sikilizeni, maana kilichotokea kisingetokea kwa watu wengine. Babu zetu walikuwa wafua chuma. Yale matanuru marefu ya udongo, malungu, bado mnayaona yamesimama maporini yanapasuka. Bibi yangu aliniambia kwamba lungu kabla ya kuwashwa lilipambwa kama bibi harusi, likaimbiwa, kwa sababu chuma kinazaliwa, na kitu kinachozaliwa hakitokei kwa watu walionuna. Katika ukoo wetu chuma kipya hakiingii nyumbani kimya. Jembe jipya tunaligusa unga wa ulezi. Baiskeli ya mume wangu iliguswa unga wa ulezi kwenye usukani. Sasa linakuja chuma la ukubwa wa nyumba, tena limevuka bahari! Nikawaambia wanawake wa mtaa: kila mmoja aje na konzi moja ya unga. Konzi moja. Nilisema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kifipa.

Wifi alikuja na ungo mzima.

Mtaa ulijaa. Wanawake wamepanga mistari miwili kuanzia barabarani mpaka getini, upepo wetu wa mwezi wa kumi unapeperusha vumbi na kanga. Lobedi ikakunja kona. Ile njano ilipotokea juu ya mapaa, vigelegele vililipuka hivi kwamba kuku walipanda mti. Mwanangu akapanda kwenye kiti chake, akaiwasha, ikanguruma kama kwenye filamu, vilevile, sauti ileile niliyoijua jikoni! Ikashuka taratibu kwenye vibao vya chuma. Kila cheni ikigusa ardhi tunaisikia kwenye nyayo.

Basi tukairushia unga. Tulirusha kila mtu wake, na wifi alipanda juu ya rundo la matofali akarusha ungo wote, na upepo ukaubeba ukaupeleka ubavuni mwa mashine, pale penye wavu wa kuingizia hewa. Mkamwana wangu akafuata na kibuyu cha maji, ananyunyizia kwa majani. Nami nilikuwa naruka. Sikuona vibaya. Nani angeona vibaya? Ilikuwa inang'aa, imevaa unga, inakuja nyumbani kwangu.

Ikafika getini, ikakohoa.

Nilikisikia kile kikohozi. Ikatoa moshi mweusi, ikakohoa tena, ikatetemeka, ikazima. Nusu ndani ya geti, nusu barabarani. Vigelegele vikakatika kama uzi.

Kisha wifi, juu ya matofali, na ungo mtupu mkononi: "Ameona haya. Bibi harusi gani asiyeona haya?"

Hakuna aliyecheka. Mwanangu akateremka, akafungua mlango wa ubavuni, akaingiza kichwa. Akakaa humo muda. Alipotoka alikuwa na nyusi za ulezi.

"Mama, njoo uone mlivyoilisha."

Nikaenda. Kuna chujio la hewa, filta wanaiita, kubwa kama ndoo, mikunjo mikunjo kama sketi ya shule. Kila mkunjo ulikuwa umejaa unga. Na rejeta, ile inayopooza injini, uso wake wote ulikuwa umepakwa unga uliolowa maji. Uji kabisa, mzito, wa kulisha mtoto.

"Imekufa?" nikauliza.

"Haijafa. Ndani kuna filta ya pili, ndogo, hiyo ni safi, unga haukufika kwenye injini. Lakini haipumui." Akaanza kupiga simu dukani, duka hili na lile. Hapa mjini filta ya namna hiyo haikuwepo. Mbeya ipo, wataipakia kwenye basi, itafika kesho jioni.

Kesho jioni. Lambo lilikuwa asubuhi. Akakaa juu ya cheni ya mashine yake, mikono imening'inia, na mimi nikaiona nira darini kama vile dari imefunguka.

Dereva wa lobedi, mtu wa pwani mwenye maneno, akatikisa kichwa. "Bibi, mimi nimebeba mashine nchi hii yote. Zimeibiwa betri, zimepata ajali. Iliyolishwa ugali hii ndiyo ya kwanza."

"Nawe utalishwa sasa hivi, kaa kimya," nikamwambia. Kisha nikageuka kwa wanawake, walikuwa wameanza kusogea mmoja mmoja kama watu wanaotoka msibani. "Simameni hapo! Unga huu nani ameutia?"

Kila mmoja akaanza kukung'uta kanga yake.

"Nimeuliza nani ameutia?"

"Sisi," wifi akasema, polepole.

"Basi sisi tutautoa. Hakuna anayeondoka na kanga safi."

Mwanangu akasema tungoje asubuhi, filta anaweza kuipulizia upepo alfajiri, na rejeta ataisugua ikiwa imekauka. Mkamwana wangu, ambaye siku zote sauti yake ni ndogo, akasema, "Ikikauka? Wewe umewahi kuosha sufuria ya uji wa jana?" Mwanangu akamwangalia. Hajawahi, nami ndiye mama yake najua. Uji wa ulezi ukikauka ni saruji. Unatoka na sufuria yake.

Tukaingia kazini. Tulingoja injini ipoe, maana yeye alisema maji ya baridi kwenye rejeta ya moto yanaipasua. Kisha wanawake wakaanza: mmoja anamwaga maji polepole, mwingine anapitisha fagio laini la majani, kutoka juu kwenda chini, kutoka juu kwenda chini, wakiambiana, "Usikandamize, utakunja hizo mbavu zake." Mwanangu alichukua filta akaenda nayo kwa fundi wa pancha kwenye kona, kwa sababu ana kompresa ya kujazia matairi. Fundi, baba mtu mzima mwenye wajukuu, hakumwamini mtu na filta hiyo. Aliishika mwenyewe, akapuliza kutoka ndani kwenda nje, mkunjo kwa mkunjo, na kila akipuliza wingu la ulezi linatoka linampaka uso.

"Bibi," akaniambia nilipokwenda kuchungulia, "leo sihitaji chakula cha jioni. Nimeshavuta."

Wifi alisugua kuliko wote. Nilimwona, kanga imelowa mpaka kiunoni, anasugua na kusema chini chini. Nilimsogelea. "Unasema nini?"

"Naiomba msamaha."

"Iombe na mimi nisikie."

"Wewe mashine," akasema kwa sauti, "mimi nilidhani wewe ni kubwa, konzi moja haitakutosha." Hapo ndipo kila mtu akacheka, na mimi, na mwanangu aliyekuwa anarudi na filta imebebwa kifuani kama mtoto wa kubatizwa.

Jua lilikuwa limeegemea mapaa aliporudisha kila kitu mahali pake na kupanda. Nilishika rozari ndani ya mfuko. Akageuza ufunguo. Ikakoroma, ikakataa. Akageuza tena. Ikakohoa wingu la rangi ya kahawia, unga ulioganda nje ya bomba la moshi ukaungua, mtaa mzima wa Kizwite ukanuka ugali. Kisha moshi ukawa mwembamba, ukapotea, na ile sauti ikarudi. Ileile, isiyokohoa. Mwanangu akaegemeza mkono chini, akaiinua mbele yote hewani, pale pale getini, kwa makusudi, ili nione. Ndipo kanga yangu ilipodondoka. Sikuiokota mpaka mashine iliposhuka.

Jumamosi tukaondoka kukianza kupambazuka. Mimi nilikaa mbele ndani ya lobedi, na wifi nilimchukua, si kwa upendo, bali nisimwache nyuma na ungo. Dereva alimpa nafasi ya dirishani. "Mkague mifuko kwanza," akaniambia, "kama hana unga."

"Endesha gari baba," wifi akajibu, "unga wenyewe umeula sahani mbili jana ukaomba ya tatu."

Tulipofika kijijini watu walikuwa wamezunguka lambo kama siku ya gulio. Na habari ilikuwa imetutangulia, sijui kwa miguu gani. Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye fimbo, akasalimiana nasi vizuri, kisha akasema, "Mama, tumesikia mashine yenu jana ilikula. Leo ina nguvu?"

"Imekula ulezi," nikasema. "Nani alikula ulezi akakosa nguvu?"

Watu wakaangua kicheko, lakini wengine walikuwa wananong'ona kuhusu mtu wa Mbeya, niliwasikia. Mwanangu akapanda kwenye kiti chake. Akaishusha, akaipeleka ukingoni, akanyoosha ule mkono mpaka katikati ya tope, akauvuta.

Beleshi likatoka limejaa udongo mweusi unaomeremeta. Akazungusha, akaumwaga pembeni. Ukakaa kilima cha duara, kizuri, kimejaa majani yaliyooza ndani yake.

Wifi akashika mkono wangu. "Wifi! Ntumba! Imetengeneza ntumba kwa mkupuo mmoja!"

Kweli ilikuwa ntumba. Ambayo mimi ningeitengeneza tangu umande mpaka jua la utosi. Akamwaga nyingine, na nyingine. Wanawake wa pale, ambao migongo yao ni kama wangu, wakaanza kuhesabu kwa sauti na kucheka, kila beleshi wanaita jina la mwanamke mmoja: hii ya fulani, hii ya mama fulani, hii ya mama mkwe! Na mwanangu akiwasikia alikuwa anainamisha ule mkono kidogo kabla ya kumwaga, kama anatoa shikamoo. Sikujua kama mwanangu ana maringo hivyo. Nilifurahi kujua.

Kisha akashuka chini zaidi, na beleshi lilipotoka lilikuwa linadondosha. Shimo likaanza kung'aa. Maji. Hayakuwa mengi, ya matope, lakini yanapanda yenyewe kutoka chini, mwezi wa kumi, wakati visima vyote vimekauka. Ndama mmoja akapita katikati ya watu, hakuna aliyemzuia, akashuka akanywa. Mwenyekiti akabadilisha fimbo mkono, akaja akampa mwanangu mkono wa kulia mbele ya wote. Kazi ikawa yetu. Kianzio akakipokea hapo hapo, kama walivyoahidi.

Njiani kurudi mwanangu alikuwa anaongea bila kupumua. Watu wa Mtowisa, kule bondeni kwenye mpunga, walikuwa wameshampigia simu wanataka mifereji. Akasema kianzio hiki akinunulia beleshi pana la mifereji, na dizeli ya kutosha, atafanya kazi mbili kabla ya mvua. "Na maksai, mama, tutawanunua na fedha ya Mtowisa. Watangoja kidogo tu."

Nilimwacha aseme. Maneno yake yalikuwa mazuri, na uso wake ulikuwa mzuri zaidi. Lakini kutoka dirishani niliona upande wa bonde la Rukwa mawingu yamejipanga, yale meusi chini na meupe juu, na upepo ulikuwa umegeuka. Mawingu hayana kidogo tu.

Tulipofika nyumbani sikuvua viatu. Niliwaita wote uani: mwanangu, mkewe, na wifi, ambaye si wa nyumba hii lakini yuko kila siku. Nikasimama.

"Kijiko kimefanya kazi, nimekiona, na tangu nizaliwe sijaona kitu kilichonifurahisha hivyo. Sasa sikieni. Wewe mwanangu, Jumatatu asubuhi, kabla hujarudi lamboni, unakwenda mnadani na hicho kianzio unanunua maksai, na unawaona alfajiri kabla hawajaota jua. Mtowisa utakwenda na beleshi la meno ulilonalo. Mkamwana, unga wa ulezi uingie kwenye debe lenye kufuli, na ufunguo niletee mimi. Na wewe wifi, panda darini, shusha nira, ipake mafuta. Leo hii, kabla sijakaa."